Ukinyoa nyasi kipara, usilaumu jua

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Juma hili nimepokea barua ya mama mmoja anayeishi upande wa Embakasi, jijini Nairobi, na nilipoisoma nilicheka kwanza kabla ya kusikitika. Nyumbani kwake fahali wapo kweli, yeye na mumewe, na nyasi ni zile zilizo mbele ya mlango wao.

Mama huyu aeleza kwamba walihamia nyumba hiyo wakiwa na watoto watatu. Mbele ya nyumba kuna uwanja mdogo wa mita kumi kwa tano. Walipanda nyasi mwezi wa Desemba, zikakauka. Wakapanda tena mwezi wa Juni, zikaota hapa na pale kama nywele kwenye kichwa chenye choa. Kila jioni mtoto mkubwa alizinyunyizia maji ya mtungi mmoja, na kila mwisho wa mwezi kijana wa vibarua alikuja na fyekeo lake akazikata hadi udongo ukaonekana.

Sasa mume amechoka. Ataka kuleta mafundi waweke kabro uwanja mzima, mambo yaishe. Mama hataki katu, kwani watoto hawana mahali pengine pa kuchezea isipokuwa barabarani, nako matatu hupita mbio. "Tuambie ukweli," aniandikia, "kama nyasi ni za wakubwa wa Muthaiga peke yao, tuache kujisumbua."

La, mama. Nyasi si za wakubwa peke yao. Lakini katika barua yako umetaja mwenyewe mambo manne yaliyoziua, na hakuna hata moja ambalo lahitaji pesa nyingi kulirekebisha. Nitayachukua moja baada ya jingine, kisha mwishoni nitajaribu kuwapatanisha nyinyi wawili.

Kosa la kwanza li chini ya udongo

Umesema kwamba mwenye kujenga alipoondoka, mlimwaga lori moja la udongo mwekundu juu ya uwanja, mkausawazisha na kupanda. Je, mlichimba mkaona kilichokuwa chini yake? Mahali pengi palipojengwa nyumba huachwa kokoto, vipande vya mawe, saruji iliyoganda na mifuko ya plastiki. Magurudumu ya malori nayo huushindilia udongo ukawa mgumu kama sakafu. Nyasi zilizopandwa juu yake hunawiri kwa majuma machache, mizizi ikifika kwenye ile sakafu hukwama, na jua la kwanza kali huzimaliza.

Isitoshe, upande wenu wa jiji una ule udongo mweusi unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Udongo huo una rutuba, lakini hupitisha maji polepole mno. Ukiulima ungali umelowa, utapata mabonge ambayo yakikauka huwa kama matofali. Ulime ukiwa na unyevu kidogo tu, pale donge linapovunjika ukilifinya mkononi.

Kwa hiyo chimbeni kwa jembe la meno hadi kina cha sentimita 15 au 20. Ondoeni takataka zote za ujenzi. Ondoeni pia mizizi mirefu myeupe ya sangari na vile vitunguu vidogo vya ndago, maana kipande kimoja mkikiacha kitakuwa shamba zima mwaka ujao. Kisha tandazeni samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, debe moja kwa kila mita mbili za mraba, mkaichanganye na udongo. Samadi mbichi msiitumie. Huunguza mizizi michanga na huleta mbegu za magugu.

Mkisawazisha kwa reki, hakikisheni kwamba uwanja unainama kidogo kutoka ukutani kuelekea nje, kama sentimita mbili kwa kila mita. Maji ya mvua yakisimama yataozesha mizizi, na yakiuelekea ukuta yataharibu nyumba.

Kosa la pili ni majira

Desemba mlipanda mvua za vuli zikiwa zinakwisha, mkaingia Januari na Februari, miezi ya jua kali. Juni mlipanda masika yamepita na baridi imeingia. Nyasi zetu nyingi hupenda joto. Wakati wa baridi ya Juni hadi Agosti hukua kidogo sana, na zile zilizopandwa upya huduwaa.

Mkulima wa mahindi hapandi hivyo, nawe usipande hivyo. Tayarisheni udongo Februari au Septemba, mkapande mvua inapoanza kushika, mwishoni mwa Machi au katikati ya Oktoba. Mvua itawafanyia kazi ambayo mitungi ya maji haiwezi.

Sasa, nyasi gani? Hapa watu wengi huchagua kwa kutazama ua wa jirani, ilhali kila aina ina kwao.

Nyasi za Kikuyu ndizo maarufu zaidi hapa nchini. Asili yao ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya mita 1,500 na 3,000 hivi juu ya bahari, na jina lao limetokana na nchi ya Wakikuyu. Ni nyasi nene, laini kwa mguu wa mtoto, na huvumilia kukanyagwa. Zilisafirishwa hadi Afrika Kusini, Australia na California mwanzoni mwa karne ya 20, nako zilishika ardhi kwa nguvu hivi kwamba Marekani imeziorodhesha miongoni mwa magugu hatari. Basi ukizipanda, ziwekee mpaka wa mawe, la sivyo zitaingia kwenye maua na sukuma wiki. Hazipendi kivuli, na wakati wa mvua hutaka kukatwa karibu kila juma.

Ukoka, ule wenye majani membamba unaotambaa kando ya barabara zetu, huvumilia jua na ukame kuliko nyasi za Kikuyu. Kwa sehemu kavu kama Athi River na Kitengela ni chaguo jema, mradi tu usiupande kivulini.

Nyasi za Pemba zina majani mapana na hustahimili kivuli kuliko hizo mbili. Zinapenda joto, na ndugu zetu wa Mombasa na Malindi wamezizoea kwenye mchanga wao wa pwani. Hata hivyo, nazo hazipendi kukanyagwa kutwa na watoto wanaocheza kandanda.

Kwako wewe, mama, mwenye uwanja ulio juani na watoto watatu, nachagua nyasi za Kikuyu, na kama maji ni haba kupita kiasi, ukoka.

Hakuna haja ya kununua mabusati ya nyasi yaliyokwisha kuota. Pata gunia la vipande vyenye mizizi kutoka kwa jirani anayepunguza zake, au kwa wale wauza miche kando ya barabara. Panda kipande baada ya kipande kwa umbali wa sentimita 10 hadi 15, sehemu yenye vifundo ikiwa ndani ya udongo na majani yakiwa nje. Kanyaga kidogo ili udongo ushike mizizi. Kisha wazuie watoto kwa majuma sita hadi manane. Najua hilo ndilo gumu kuliko yote, lakini wakijua kwamba uwanja ni wao, watakuwa askari wenyewe.

Kosa la tatu ni fyekeo

Hapa ndipo nyasi nyingi za jiji hufia. Mwenye nyumba humwambia kijana, "Kata fupi kabisa, usirudi upesi." Kijana hutii. Majani yote huondoka, hubaki vijiti vya rangi ya kahawia, na baada ya siku kumi mwenye nyumba hulaumu jua.

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu watakumbuka somo la sayansi. Jani ndilo jiko la mmea, mahali ambapo mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni hupikwa vikawa chakula. Nyasi huvumilia kukatwa kwa sababu kitovu cha ukuaji wake ki chini karibu na udongo, si nchani kama cha mche wa mti. Ndiyo sababu ng'ombe hula nazo hurudi. Lakini ukiondoa majani yote mara moja umebomoa jiko lote. Mmea hulazimika kutumia akiba iliyo mizizini ili ujenge jiko jipya, na mizizi husinyaa. Ukifanya hivyo kila mwezi, mizizi huwa mifupi kama ya mchicha, na jua likizidi haiwezi kufuata maji yaliyo chini.

Kanuni ni moja na ni rahisi: usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa wakati mmoja. Wataka nyasi za sentimita 4? Zikate zikifika 6. Kwa nyasi za Kikuyu, sentimita 4 au 5 zatosha, na wakati wa jua ziache ndefu zaidi kidogo ili zitie udongo wao kivuli. Zikiwa zimekuzidi baada ya safari ya kwenda mashambani, zipunguze kwa awamu mbili au tatu, ukipumzika siku kadhaa kati ya awamu moja na nyingine.

Huna mashine ya kukatia nyasi? Si neno. Uwanja wa mita kumi kwa tano waweza kukatwa kwa fyekeo au makasi ya ua, mradi makali yamenolewa. Makali butu huchana majani, ncha zake hugeuka nyeupe na uwanja mzima huonekana kama unaumwa. Usikate nyasi zikiwa na umande. Na yale mabaki mafupi yaliyokatwa, usiyatupe yote jalalani. Yaache yaangukie humo humo, yataoza na kurudisha mbolea. Ondoa tu yale yaliyorundikana.

Halafu, mama, mwambie kijana wako umetaka kazi yake mara nyingi zaidi lakini kwa muda mfupi zaidi. Mpatane malipo mapya. Yeye si adui, alifanya alivyoagizwa.

Kosa la nne ni maji kidogo kila jioni

Mtungi mmoja wa lita 20 kwa mita 50 za mraba ni sawa na kulowesha vumbi. Maji hayo hayafiki nusu milimita. Hulowesha uso tu, mizizi hubaki juu juu ikiyangoja, na kesho jua huyachukua yote. Afadhali kumwagilia mara moja kwa juma maji yakazama, kuliko kila siku yasizame.

Nyasi zilizo katika ukuaji wake huhitaji kama milimita 25 za maji kwa juma, mvua ikihesabiwa humo. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hebu watoto wafanye hesabu: mita 50 za mraba mara 25 ni lita 1,250, yaani mitungi 62 na nusu kila juma! Katika jiji ambalo maji ya mfereji hutolewa kwa zamu, hiyo si haki wala haiwezekani. Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka wa 1994, na kuna mitaa ambayo mama hungoja siku kadhaa kupata ya kupikia. Sitamwambia mtu yeyote amwage mitungi 62 kwenye nyasi.

Jibu ni kuziacha zilale. Nyasi za Kikuyu na ukoka zikiwa na mizizi mirefu hazifi upesi wakati wa kiangazi. Hugeuka rangi ya majani makavu, zikajificha ardhini na kungoja. Wakati huo zipe milimita 10 tu kila baada ya majuma mawili, ili vifundo visikauke, na uzipumzishe kukanyagwa. Mvua ya kwanza ikinyesha utaona kijani chake baada ya siku chache. Usiwe na aibu ya uwanja wa rangi ya kahawia mwezi wa Februari.

Maji ya kusuuzia nguo na mboga yafaa kwa kazi hii, ila yale yenye dawa ya kung'arisha nguo au sabuni nyingi yaende kwenye mtaro. Na ukiwa na paa la mabati, weka mfereji na pipa. Paa la mita 60 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hutiririsha karibu lita 600. Pipa lifunikwe, lisije likawa kiwanda cha mbu.

Mwagilia asubuhi mapema. Wataka kujua kama nyasi zina kiu? Tembea juu yake kisha utazame nyuma. Zikiinuka upesi, ziache. Nyayo zako zikibaki zimechorwa, zina kiu.

Mbolea na adha nyingine

Baada ya kupanda, mbolea ya dukani si lazima kila mwezi kama wauzaji wasemavyo. Mwanzoni mwa mvua, mara mbili kwa mwaka, kilo moja ya CAN yatosha mita 50 za mraba. Ni kama gramu 20 kwa mita moja, konzi ndogo. Itawanye nyasi zikiwa kavu, kisha umwagilie au ungoje mvua siku hiyo hiyo. Ukiirundika mahali pamoja itaunguza.

Mkojo wa mbwa nao huunguza kwa sababu hiyo hiyo ya naitrojeni kuzidi. Ukiona mbwa amekojoa, mwaga kopo la maji hapo.

Pakiwa na mabaka yanayonyauka ingawa pana unyevu, shika nyasi uvute. Zikiinuka kama mkeka usio na mizizi, fukua kidogo utazame. Mara nyingi utakuta funza weupe waliojikunja, watoto wa mbawakawa. Kwa uwanja mdogo waokote kwa mkono, kuku watakushukuru. Magugu kama kishona nguo yang'oe kabla hayajachanua. Mahali wanapocheza watoto, dawa za kunyunyizia ziwe neno la mwisho kabisa, na ukilazimika kuzitumia, soma maagizo ya pakiti na uwaondoe watoto kwa muda ulioandikwa hapo.

Pale watu wanapopita njia ya mkato kila siku, hakuna nyasi zitakazoota. Usishindane na miguu. Weka mawe bapa ya kukanyagia. Na mahali palipogandamana, choma matundu kwa uma wa bustani, kina cha sentimita 10, kila mwanzo wa mvua ili hewa na maji viingie.

Fahali wawili wapatane

Sasa nageukia kwako, baba watoto, maana naamini barua hii utaisoma. Hasira yako naielewa. Umelipa mara mbili na huna cha kuonyesha. Lakini kabro uwanja mzima ina gharama yake. Mchana huhifadhi joto, na jioni hulirudisha ndani ya nyumba. Mtoto akianguka, goti hutoka damu. Tena maji ya mvua ambayo yangezama kwenye ua wako hutiririkia barabarani na kwa jirani aliye bondeni. Sote tuliona mafuriko ya Aprili na Mei 2024 jijini Nairobi, na watu waliopoteza maisha na makao yao. Ua mmoja hauleti mafuriko, lakini maelfu ya nyua zilizofunikwa huyaongezea maji.

Nawe mama, mumeo hajakosea katika yote. Mita 50 za mraba ni nyingi kwa jamaa inayonunua maji. Mpe mita 20 aweke kabro yake, upande wa lango na njia ya kufikia mlango, pale pale ambapo nyasi zingekanyagwa zikafa. Zibaki mita 30 za nyasi. Wakati wa kiangazi, zile milimita 10 kila majuma mawili zitakuwa lita 300, yaani mitungi 15, na mingi kati ya hiyo itatoka kwenye beseni la kusuuzia nguo.

Kisha chimbeni pamoja, Jumamosi mbili au tatu, kabla mvua haijashika. Baba ashike jembe, mama apime mteremko, watoto waokote kokoto na kuzitia debeni. Mtoto aliyeokota mawe kwa mkono wake hatakubali mtu yeyote aje na fyekeo anyoe uwanja wake kipara.

Nyasi zikishika, niandikie tena, mama. Na zikikataa, niandikie pia, tutafukua tuone kilicho chini. Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.